Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kubandika filamu ya kuzuia mawe kwenye gari ya spoti hapa Dar

Haya ndo maswali naulizwa karibu kila wikiendi nikipaki pale Coco, watu wanaiona Subaru WRX yangu imeshatembea miaka na bado boneti haina matundu ya mawe basi wanataka kujua nimefanyaje. Nimeamua niyaandike yote sehemu moja, mengine nimejibu kwa kirefu maana yana mambo mengi ndani yake, mengine sentensi mbili zinatosha. Kitu kimoja tu ukishike tangu mwanzo maana majibu yangu karibu yote yanatokea hapo: rangi ya kiwandani ikishatoka hairudi. Kule kiwandani bodi inapigwa rangi ikiwa bati tupu, haina waya wala plastiki, ndo maana wanaweza kuioka kwenye joto la kama nyuzi 140. Hakuna gereji Sinza wala Tokyo itaweza kuoka gari nzima hivo ikiwa na waya na dashibodi ndani. Kwa hiyo hii filamu tunabandika kwa ajili ya kuilinda hiyo rangi, sio kwa ajili ya mng'ao.

Hiyo filamu ni kitu gani hasa, ni tinti ya bodi?

Hapana. Tinti ni nyembamba sana na kazi yake ni mwanga na joto, hata stika ya kubadilisha rangi nayo ni nyembamba, jiwe linapita tu. Hii ni plastiki laini inaitwa poliurethani, inavutika kama mpira, na unene wake ni kama maikroni 150 mpaka 200, yani chukua nywele mbili tatu za kichwani kwako uzipange moja juu ya nyingine. Chini ina gundi, katikati ndo hiyo poliurethani, juu ina klia yake yenyewe, yani tabaka la juu lisilo na rangi, ambayo ikichanika kidogo na ikapata joto inajifunga. Wengi wanaiita PPF, wengine nailoni, yote sawa ila ukisema nailoni kwa fundi atakuletea kitu kingine, we sema PPF.

Historia yake naipenda sana. Wamarekani kwenye vita ya Vietnam mapanga ya helikopta zao yalikuwa yanaliwa na mchanga na mawe, 3M wakatengeneza plastiki ya poliurethani ya kubandika kwenye ukingo wa panga. Baadaye ikaingia kwenye magari ya mashindano alafu ndo ikaja kwetu sisi wa barabarani. Na ukiiangalia Porsche 911 kwa karibu, kwenye fenda ya nyuma mbele ya tairi utakuta kipande cha filamu kiwanda wenyewe wamekibandika, maana wanajua tairi ya mbele inarusha mawe pale.

Kwani rangi ya gari si ngumu? Jiwe dogo hivo linafanya nini?

Rangi yote ya kiwandani ukijumlisha praima, rangi yenyewe na klia ni kama maikroni 100 mpaka 150 tu, na klia peke yake ni kama 40 au 50. Sasa kokoto iko hewani au imelala, we unakuja na 120, nguvu ya kugonga inapanda kwa mraba wa spidi, yani ukitoka 60 ukaenda 120 jiwe lilelile linagonga kwa nguvu mara nne sio mara mbili. Watu wa magari ya spoti tunaumia zaidi kwa sababu hiyo, pamoja na kwamba pua iko chini na tairi ni pana na laini, zinaokota kila kitu.

Likishatoboa mpaka bati, hapa kwetu habari haijaisha. Hewa ya Dar ina chumvi, unakaa Kigamboni au Msasani au Mbezi Beach, kile kitundu ukikiacha masika moja kinaanza kuota kutu na rangi ya pembeni inanyanyuka. Bampa ni plastiki haipati kutu ila inabaki na madoadoa meupe kama imepata tetekuwanga.

Dada anauliza: mimi natoka Mikocheni naenda Posta narudi, sitoki nje ya mji, naihitaji kweli?

Dada nakujibu kwa moyo safi, kwa ruti hiyo sio lazima. Kwenye foleni ya Ali Hassan Mwinyi unatembea 30, jiwe la kukutoboa rangi kwa spidi hiyo ni nadra, kinachokuumiza wewe ni bodaboda wanaopita kwa kukwaruza kioo cha pembeni na wale wanaofungua mlango bila kuangalia. Bandika saiti mira, vikombe vya nyuma ya vitasa na ukingo wa milango, basi, hela nyingine tia matairi.

Ila kama unapanda Bagamoyo Road kwenda Tegeta, Bunju mpaka Mapinga, au unatumia Morogoro Road kila wiki, hapo ni habari nyingine. Tipa za kokoto zinazotoka machimbo ya Lugoba zinashuka mjini usiku na mchana, nyingine turubai halijafungwa vizuri, na ile njia nane ya Kimara mpaka Kibaha inawapa watu mbio. Kila panapojengwa barabara ya mwendokasi changarawe zinabaki pembeni zinasubiri tairi. Na ukishapita Chalinze kwenda Morogoro uko nyuma ya malori ya Zambia na Kongo, kila ukitaka kuovateki unakula mchanga wa uso. Mtu wa safari hizo namwambia bandika kabla hujasafiri, usisubiri boneti ipate alama kumi ndo ukumbuke, filamu haizibi tundu, inalifunika tu na litaonekana.

Nibandike wapi na wapi?

Hapa ndo watu wanapoteza hela, wengine wanabandika gari nzima mpaka paa wakati paa ukiacha ukingo wake wa mbele haipigwi na jiwe, wengine wanabandika nusu boneti alafu wanajuta.

Fanya hivi kabla hujaongea na fundi yeyote. Osha gari, subiri jioni, chukua tochi ya simu uilaze karibu na bodi mwanga upite kwa ubavu, zunguka taratibu. Gari yenyewe itakuonyesha inapigwa wapi. Mara nyingi utakuta bampa la mbele, hasa mdomo wa chini, theluthi ya mbele ya boneti, uso wa saiti mira, nguzo za pembeni ya kioo cha mbele, ukingo wa paa pale juu kidogo ya kioo cha mbele, alafu sketi za chini ya milango na fenda za nyuma zilizotuna. Hizo mbili za mwisho wengi wanazisahau. Gari za kawaida hazina shida hiyo sana ila kwenye WRX, GT86, 350Z, RX-8, fenda ya nyuma imetoka nje kuliko mlango, sasa tairi ya mbele inarusha jiwe linakwenda moja kwa moja kugonga pale, ukichuchumaa mbele ya tairi ya nyuma ukaangalia utaona pamechubuka kama pamepigwa msasa.

Kwa hiyo mimi mpangilio wangu ni bampa zima, boneti zima, fenda mbili za mbele, saiti mira, taa kubwa, sketi na hicho kipande cha fenda ya nyuma. Milango na paa na nyuma naacha. Hela ikiwa ndogo punguza fenda za mbele, usipunguze sketi na fenda za nyuma.

Boneti nusu sikushauri, hasa kama gari nyeupe. Ule mstari filamu inapoishia katikati ya boneti unakusanya vumbi, na vumbi letu la Goba na Madale ni jekundu, baada ya miezi miwili una mstari wa kahawia umekatiza boneti na hautoki hata usugue vipi. Boneti zima kingo zinakunjwa kwa ndani na hakuna anayejua kama ipo.

Na taa kubwa? Ile si kioo?

Ni plastiki, polikaboneti, siku hizi karibu gari zote. Jua la hapa linazifanya njano na mchanga unazikwangua. Bandika zikiwa bado safi, zikiwa zimeshafifia zipigwe polishi kwanza. Kipande ni kidogo na faida yake kubwa.

Kioo cha mbele usibandike PPF ya bodi hata fundi akikuambia inawezekana, utaona mawimbi usiku ukikutana na taa za lori na waipa itaikwangua. Na zile sensa za kupakia kwenye bampa zikatiwe tundu zibaki wazi.

Unene upi mzuri?

Maikroni 200 kwa bampa, boneti na fenda za nyuma, hiyo ndo saizi ya kawaida ya kampani nzuri. Nyembamba ya 150 inakunjika vizuri kwenye saiti mira na kona ngumu kwa hiyo fundi akikuambia anaitumia pale tu mwelewe. Kuna nene zaidi, 250 na kuendelea, zinazuia kweli lakini kuilaza kwenye bampa lenye kona nyingi kama la Subaru STI ni vita, kingo zinanyanyuka. Unene sio kila kitu jamani, filamu nene iliyonyanyuka ukingoni ni mbaya kuliko ya kawaida iliyokaa.

Kaka kuna mtu Kariakoo ananiuzia rola kwa bei ya chini sana, anasema ni ileile, inawezekana?

Inawezekana ni PVC mdogo wangu, plastiki nyingine kabisa. PVC na poliurethani zikiwa kwenye rola zinafanana, zote zinang'aa zote zinaitwa PPF, bei ndo inatofautiana. PVC ni ngumu, haivutiki ikarudi, na kwa jua letu inakuwa njano na kukakamaa, siku ya kuitoa inakatika vipande vipande na gundi yote inabaki kwenye rangi. Unayoitaka wewe inaandikwa TPU, ndo ile poliurethani niliyoisema juu.

Namna ya kuijua bila maabara, omba kipande cha kiganja. Kivute taratibu kwa mikono miwili alafu ukiachie, TPU inavutika mbali kama mpira wa manati na inarudi karibu ilivyokuwa, PVC inavutika kidogo inaacha michirizi meupe au inabaki imelegea. Kibandike kwenye kipande cha bati au bampa bovu, kikwangue juujuu kwa brashi ya waya, umwagie maji ya moto ya chai. Yenye klia ya kujifunga mikwaruzo inapotea mbele ya macho yako. Muuzaji mkweli hawezi kukataa hicho kipimo.

Hata TPU nazo ziko za aina mbili, alifatiki na aromatiki. Aromatiki ni rahisi kutengeneza ila inageuka njano kwenye jua, unayotaka ni alifatiki, na hii huwezi kuijua kwa kuvuta, ndo hapo jina la kampani na karatasi ya waranti vinapokuwa na maana. XPEL, 3M, SunTek, LLumar, STEK, hizi zinajulikana duniani, ila jina lililochapwa kwenye boksi sio ushahidi, angalia karatasi ya nyuma ya filamu kama ina chapa na namba ya rola, na hiyo namba iandikwe kwenye risiti yako.

Gari yangu imetoka Japani ikiwa yuzdi, naweza kubandika tu?

Unaweza ila jua kwanza ni rangi gani imelala pale. Kama bado unayo ile karatasi ya mnada isome, ukiona kwenye mchoro wa gari kuna W mahali ujue pamewahi kunyooshwa na kupigwa rangi, XX ujue hiyo sehemu ilibadilishwa kabisa. Kama karatasi huna tafuta mtu mwenye kipima unene wa rangi, kinawekwa juu ya bati kinasoma maikroni. Pakisoma 100 au 130 sehemu zote, raha, ni ya kiwandani. Fenda moja ikisoma 300 imerudiwa, na ikipanda sana zaidi ya hapo kuna puti chini. Kwenye bampa na plastiki nyingine vile vipima vya kawaida havisomi kwa hiyo usishangae, na bampa ndo kitu kinachorudiwa rangi kuliko vyote kwa hiyo lichukulie kama limerudiwa mpaka uhakikishiwe vingine.

Kwanini hii ina maana? Kwa sababu filamu ina gundi yenye nguvu, siku ya kuitoa rangi ya kiwandani inabaki, rangi ya gereji iliyopigwa bila maandalizi inaondoka na filamu kama ganda la kidonda. Sio kwamba usibandike, ila mwambie fundi mapema na wewe uwe umekubali hiyo hatari.

Nimepiga rangi bampa wiki iliyopita, nibandike kesho?

Usithubutu. Rangi mpya inaendelea kutoa hewa za thina kwa wiki kadhaa hata kama ukiigusa ni kavu, ukiifunika zinakwama chini unapata viputo na rangi inabaki laini. Subiri siku 30 kwa uchache, na kama gereji haina chumba cha kuokea, ilikauka kwa upepo tu wa uani, mimi ningesubiri 60, hasa kipindi cha masika hewa ikiwa nzito na maji.

Mashine au wembe, kipi bora?

Kuna mafundi wanaokata vipande kwa mashine ya kompyuta kabla ya kuja kwenye gari, na kuna wanaolaza karatasi kubwa juu ya gari alafu wanakata kwa wembe palepale. Wa wembe wanakuambia kazi yao inafunika vizuri zaidi kwa sababu wanakunja mpaka ndani, na ni kweli, mchoro wa mashine mara nyingi unaacha milimita moja mbili za rangi wazi ukingoni.

Ila ngoja nikuambie kilichonipata. Gari yangu ya kwanza, Altezza ya rangi ya bluu, rangi yote ya kiwandani, niliipeleka kwa fundi mmoja nikaiacha asubuhi nikaichukua jioni, inang'aa, nikampa na hela ya soda juu. Baada ya mwaka na nusu nikataka kubadilisha filamu ya boneti. Tulipoitoa nikaona mistari myembamba imezunguka kingo zote za boneti, taa, na nembo ya mbele, kucha ikipita unaisikia. Alikuwa amekata filamu huku wembe unagusa rangi, kote alikopita amekata klia mpaka kwenye rangi, na sehemu mbili karibu na taa kutu ilikuwa imeshaanza chini kwa chini. Nilikaa pale chini kwenye ndoo sikuongea. Jiwe lingeniachia matundu matatu manne, yeye aliniachia mita nzima za mkato kwenye kitu nilicholipa kilindwe.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa fundi sio bei wala kampani, namuuliza unakata wapi. Jibu ninalolikubali ni moja kati ya matatu: nakata kwa mashine, au nakata juu ya uzi maalum, ule wa kubandika chini ya filamu alafu unauvuta wenyewe unakata kwa chini bila wembe, au wembe natumia pale tu filamu ilipopita hewani nje ya ukingo wa bati. Akisema mkono wangu mwepesi boss usijali, chukua funguo zako uondoke. Mkono mwepesi unachoka saa kumi jioni kama mikono mingine yote. Na omba uonyeshwe gari ambayo yeye mwenyewe ameitoa filamu, sio aliyobandika jana, kubandika kunaficha makosa.

Naweza kubandika mwenyewe nyumbani?

Vipande vidogo ndio, na nakutia moyo. Vikombe vya vitasa, ukingo wa milango, sketi, kipande cha fenda ya nyuma, hivo ukiharibu unatupa unaanza upya. Bampa na boneti muachie mwenye uzoefu.

Adui yako wa kwanza ni vumbi, wa pili ni jua. Usifanye uani chini ya mwembe, tafuta gereji iliyofungwa au banda lenye kuta, mwaga maji sakafuni vumbi litulie, zima feni maana inakurushia vumbi kwenye gundi. Anza asubuhi saa moja au mbili kabla bati halijapata moto, bati likiwa la moto maji yanakauka haraka na gundi inashika kabla hujaipanga.

Osha gari kwa sabuni, alafu pitisha ule udongo laini wa kusafishia rangi ukiwa na maji mengi, ukipitisha kiganja upasikie panateleza kama glasi. Ukisikia hata chembe moja, hiyo chembe utaiangalia miaka kumi. Futa kwa alkoholi ya aisopropili kuondoa nta na mafuta. Toa hata pete na saa mkononi.

Chupa mbili za kupuliza. Ya kwanza maji safi lita moja na matone machache ya shampuu ya watoto, hii ni ya kuteleza, unapuliza rangi mpaka itiririke, unapuliza vidole vyako, na unapuliza upande wa gundi wakati unachuna karatasi. Ya pili maji na alkoholi, kama sehemu moja ya alkoholi kwa sehemu nane au tisa za maji, hii ni ya kushikisha. Tumia maji ya kuchuja au ya chupa, ya kisima yana chumvi inabaki chini kama ukungu mweupe.

Laza kipande, kisogeze mpaka kikae, alafu shikisha sehemu moja katikati kwa kupuliza ya alkoholi chini yake na kukamua kwa kibao cha mpira. Kutoka hapo kamua kwenda nje, kila mkamuo upande juu ya uliopita kidogo, usiruke. Juu puliza maji ya shampuu ili kibao kiteleze kisikwangue. Ukifika kwenye kona vuta kidogo sana, filamu iliyovutwa kwa nguvu inakumbuka ilikotoka na itarudi usiku wewe umelala. Kingo unamalizia na mashine ya hewa ya moto, ile inayofanana na drayeya ya saluni, pasha kidogo, bonyeza kwa kitambaa, shikilia mpaka ipoe. Hapo ndo umeme ukikatika unakwama katikati, kwa hiyo hakikisha jenereta lipo au kazi ya kingo isubiri siku yenye umeme wa uhakika.

Nimeona viputo baada ya kuchukua gari, nimeibiwa?

Tofautisha. Viputo vya maji ni laini, ukibonyeza vinasogea, hivo vitakauka vyenyewe ndani ya siku chache mpaka wiki tatu nne, jua la Dar linasaidia. Usitoboe na sindano. Vya hewa vinabaki vilevile siku zote, na cha uchafu ukikiangalia kuna kidoti katikati, hivi viwili mrudie fundi. Chembe mbili tatu kwenye boneti zima nakubali, ni kazi ya mikono, chembe ishirini ni uzembe.

Kuosha je?

Siku saba za kwanza usioshe kabisa. Baada ya hapo mashine ya presha kaa nayo mbali, sentimita 30 kwenda juu na usielekeze kwenye ukingo wa filamu, wale vijana wa kuosha wanapenda kusogeza mdomo wa mashine karibu waondoe matope haraka, na ukingo ukishanyanyuka vumbi linaingia haurudi tena. Mwambie kijana kwa heshima, mwonyeshe kingo ziko wapi, msimamie mara ya kwanza. Sabuni ya kawaida ya gari, kitambaa laini, wasitumie sabuni ya unga wala mafuta ya taa kutoa lami. Lami tumia kisafishio chake na uoshe hapohapo.

Kinyesi cha kunguru kinaharibu filamu?

Kinaharibu kila kitu. Hawa kunguru wetu wa Dar wakikaa kwenye mwarobaini juu ya gari yako wana kazi moja tu. Kinyesi kikikaa juani siku nzima kinachoma klia ya filamu kinaacha alama, tofauti ni kwamba alama iko kwenye filamu inayobadilishika na sio kwenye rangi. Tembea na chupa ya maji na kitambaa kwenye buti, lowesha dakika moja mbili kilainike kisha uinue bila kusugua. Utomvu wa mwembe nao hivohivo.

Nipake seramiki, ile dawa ya maji ya kupaka juu ya rangi, juu yake?

Unaweza na inasaidia kuosha kuwa rahisi, maji na vumbi vinateleza. Ila seramiki peke yake bila filamu haizuii jiwe, ni tabaka jembamba mno, anayekuambia inazuia mawe anakudanganya. Filamu kwanza, seramiki baadaye.

Nataka isiyong'aa, ile ya mati, kuna shida na kadi?

Ya mati ya uwazi inabadilisha mng'ao tu, nyekundu inabaki nyekundu. Ila siku hizi kuna PPF za rangi kabisa, gari nyeusi inakuwa kijani, na kadi ya gari imeandikwa nyeusi. Maliza hilo na TRA kabla ya kubandika, usisubiri trafiki akuulize Mbezi mwisho.

Bei imekaaje?

Inafuata dola na rola, ndo maana hata mafundi wakweli wanabadilisha bei. Rola ya kawaida ni upana wa mita 1.52 na urefu wa mita 15, muulize fundi kazi yako inakula mita ngapi, asiyeweza kukujibu hajapima. Omba bei ya kipande kimoja kimoja, bampa peke yake, boneti peke yake, sio jumla moja tu, maana siku bampa likigongwa na bajaji utabadilisha hilo tu na unatakiwa ujue unalipia nini. Na vipande vinavyobaki kwenye rola uliyolipia ni vyako, viombe, vitakufaa kwenye vitasa.

Jiwe kubwa likichana filamu?

Basi imefanya kazi yake. Angalia kama rangi chini iko salama, badilisha hicho kipande. Usiache ufa wazi, maji na vumbi vinaingia chini.

Itakaa miaka mingapi na inatolewaje?

Kampani nzuri zinatoa waranti mpaka miaka 10, kwa gari inayolala juani Dar mimi ningeikagua kila mwaka kuanzia wa tano. Ukiona imeanza kuwa njano, imepasuka vipande vidogo au kingo zimekakamaa usiendelee kuisubiri, inavyozeeka ndivyo gundi inavyogoma. Kuitoa unapasha joto sehemu ndogo mpaka ishikike kwa tabu kidogo, unainua kona, unavuta taratibu ukiilaza karibu na bodi, sio kuinyanyua juu kwa hasira. Gundi ikibaki kuna kitoa gundi, usikwangue kwa kisu wala kwa kadi ya benki.

Ya WRX niliitoa kipande cha fenda ya nyuma mwezi uliopita kwa sababu kilikuwa kimechoka, kimejaa vidoti vya mawe kama uso wa mtu aliyepona ndui. Chini yake bluu ya Subaru imelala safi kabisa, ukilinganisha na mlango huwezi kujua ipi ilifunikwa. Nimeshaagiza kingine.